Silaha Isiyodondosha Ganda

Boma la Wajerumani la Biharamulo bado limesimama, na wageni hulipiga picha. Wajerumani waliliita eneo hili Usuwi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza waliweka hapa sehemu ya Kombania ya 7, ambayo makao yake yalikuwa Bukoba. Juni 24, 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji, ambao walikuwa wamekwisha kuingia Kigali mwezi Mei, waliingia Biharamulo. Siku chache baadaye, Julai 3, walipigana huko Kato na kikosi cha Kapteni Gudovius kilichokuwa kinarudi nyuma kutoka Bukoba. Gudovius alijeruhiwa, akatekwa.

Hiyo ndiyo historia inayoandikwa, historia ya makapteni. Mimi nataka kufuata kitu kidogo kuliko kidole: ganda la risasi.

Kiswahili chetu kina uvivu kidogo hapa. Tukisema “risasi” tunachanganya vitu vinne kwa mpigo. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka na kuua. Zamani kilikuwa risasi tupu, yaani ile metali nzito yenyewe. Kuna baruti inayokisukuma. Kuna fataki kwenye kitako, inayogongwa ili iwashe baruti (na hapa nazungumzia fataki ya bunduki, ambalo ni neno la zamani sana kuliko yule mzee wa matangazo ya redio anayewinda wasichana wa shule). Na kuna ganda, kikopo cha shaba iliyochanganywa na zinki, kinachovishika vyote pamoja. Bunduki ikilia, kichwa kimekwenda, baruti imeungua, fataki imekufa. Ganda peke yake linabaki zima. Likisafishwa masizi, likatolewa fataki iliyokufa na kurudishwa umbo lake, linaweza kujazwa tena.

Kwa hiyo ganda ni mali. Nalo lilitungiwa sheria.

Julai 2, 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kama mkataba wa kupinga biashara ya watumwa, na ndivyo ulivyoitwa. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa na risasi zake zilizuiwa kuuzwa hovyo. Kilichoruhusiwa kwa masharti ni bunduki za mtutu laini zinazowashwa kwa jiwe, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno yetu, gobore. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu, hatua kwa hatua, na halitumii ganda kabisa. Sijui kama kuna mstari mwembamba kuliko huo kati ya mtawala na mtawaliwa: huyu ana ganda, yule hana.

Askari Mwafrika wa jeshi la Wajerumani alisimama katikati ya mstari huo. Alipewa ganda, ila la kizamani. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi walikuwa bado na bunduki ya modeli ya 1871, yenye mdomo wa milimita 11 na kichwa cha gramu 25. Ilitumia baruti nyeusi. Baruti hiyo ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kama masizi na chumvichumvi zinazonata kwenye mtutu na kula shaba ya ganda lisilooshwa mapema. Nyingine inatoka kama wingu jeupe. Askari akifyatua mara moja, adui kwenye kilima cha pili anajua alipo.

Mwaka 1915 koloni lilikuwa limezingirwa na meli za Waingereza. Ndipo ikaja meli ya Rubens, imejifanya ya Denmark, ikiwa na jina la bandia Kronborg. Aprili 14 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaishambulia. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha mwenyewe kwenye maji mafupi. Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Wajerumani wakaanza kupiga mbizi na kuopoa bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi zake, zile zisizo na moshi mwingi.

Zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Na kadiri siku zilivyopita, baruti na fataki zilizidi kuharibika, na risasi nyingi zikagoma kulia.

Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, anaieleza kazi iliyofuata katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920. Risasi zilipaswa kufunguliwa moja moja, baruti isafishwe, na nyingine ziwekewe fataki mpya zilizopatikana humu humu koloni. Kazi hiyo ilifanyika Moshi, kwenye kituo cha mwisho cha reli ya Usambara. Kwa miezi kadhaa, anasema, wenyeji wote walioweza kupatikana mjini waliwekwa kwenye kazi hiyo, asubuhi hadi jioni. Risasi ambazo hazikuguswa na maji zilihifadhiwa kwa ajili ya bombomu. Zilizotengenezwa upya zikajaribiwa: ambazo takriban moja kati ya tano iligoma, zikapelekwa vitani; zilizogoma zaidi ya hapo, zikawa za mazoezi.

Nimerudia kuifikiria hesabu hiyo. Askari anaingia vitani akijua kwamba kila akivuta kifyatulio mara tano, mara moja pengine atasikia “tak” tu. Na wale waliofungua, wakasafisha, wakafunga? Kamanda amewapa sentensi moja. Hana jina hata la mmoja wao, wala neno kuhusu vidole vyao, au ni wangapi waliungua wakishika fataki siku nzima. Watu ambao mkataba wa Brussels ulikuwa umewatengea gobore, miaka 25 baadaye walikuwa wamekaa chini Moshi wakilijua ganda la kisasa kwa undani kuliko maofisa wengi waliolifyatua. Vita vilipokwisha, ujuzi huo haukupewa karakana wala leseni.

Huku kwetu magharibi, gobore liliendelea kuishi. Kagera imepitiwa na silaha nyingi tangu hapo. Kulikuwa na vita vya Amin vya 1978 na 1979. Aprili 28, 1994 likaja wimbi la Rusumo, ambapo kwa muda wa siku moja hivi watu wapatao 250,000 walivuka daraja kuingia Ngara, na mapanga yakarundikwa mpakani kama kuni. Baadaye kukawa na miaka ya majambazi, ambapo mabasi yalipita pori la Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi. Ilipofika Operesheni Kimbunga, mwaka 2013, miongoni mwa silaha zilizosalimishwa yalikuwamo magobore.

Kwa mpelelezi, hizo ni silaha za aina mbili tofauti kabisa. Bunduki ya kisasa hutema ganda chini, na kitako cha ganda kwa kawaida kimegongwa tarakimu na alama zinazoweza kutaja kiwanda na mwaka. Mtu akipigwa kwa gobore porini, polisi wanaweza kupekua majani hadi giza liingie. Hakuna kilichodondoka.