Asili ya Ithibati ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Mashariki, Pamoja na Habari za Mpanda

Neno ithibati lina asili moja na thabiti na thibitisha, nayo yote yametoka katika Kiarabu. Maana yake ya zamani ni uhakika, au ushahidi wa jambo. Siku hizi limepata kazi ya pili: hutaja kibali kipewacho chuo baada ya kupimwa na kuonekana kuwa masomo yake yatosha. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kibali hicho kilivyopita mikononi mwa wapimaji mbalimbali, na kwa nini jambo hilo lawahusu hata watu wa Mpanda, walio mbali na makao makuu yote.

Hapo kwanza kibali kilitoka ng'ambo. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, iliingia mwaka 1949 katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mihtasari ya masomo ilikubaliwa pamoja na London, mitihani ilisahihishwa kwa kushirikiana, na shahada ilikuwa ya London. Nairobi ilifuata njia hiyo, na Dar es Salaam vilevile, chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961 kwa masomo ya sheria. Faida ilikuwa dhahiri, kwani shahada hiyo ilikubaliwa kila mahali. Hasara nayo haikufichika, maana aliyepima hakuwa mwenye nyumba.

Mwaka 1963 vyuo hivyo vitatu viliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, Julius Nyerere akiwa Mkuu wake. Shahada ikawa moja kwa nchi tatu. Lakini kila nchi ilitaka kuelekeza elimu kwa mahitaji yake, na mwaka 1970 umoja huo ulivunjwa. Hapo likazuka swali: aliye huru atapimwa na nani? Vyuo vilipozidi kuwa vingi, na vya watu binafsi vikaongezeka, swali hilo halikuweza kuahirishwa tena. Kenya ilianzisha tume yake mwaka 1985. Tanzania ikaunda Baraza la Ithibati mwaka 1995, ambalo mahali pake palishikwa na Tume ya Vyuo Vikuu mwaka 2005. Uganda ikatunga sheria yake mwaka 2001.

Kazi yenyewe huenda hivi. Chuo hujipima kwanza na kuandika taarifa. Kisha wataalamu wa nje huja kutazama walimu, maktaba, maabara na fedha. Mwisho Tume huamua. Huko Marekani mambo yalianza kwa njia nyingine: vyuo na shule zenyewe ziliunda vyama vya kimajimbo, cha kwanza New England mwaka 1885, zikapimana. Kwetu hukumu ni ya sheria ya kila nchi. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1980 na lenye makao Kampala, halitoi ithibati. Kazi yake ni kulinganisha vipimo, na hasa tangu Mei 2017, wakuu wa nchi walipotangaza eneo moja la elimu ya juu.

Sasa tuitazame Mpanda. Reli kutoka Kaliua ilifikishwa huko kwa ajili ya madini ya risasi. Mali ilisafiri kwenda nje, na kijana aliyetaka elimu ya juu naye hakuwa na budi kusafiri. Mkoa wa Katavi ulitengwa na Rukwa mwaka 2012, na baadaye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikaweka kampasi yake ya Mizengo Pinda katika nchi ya Mpimbwe. Masomo ya nyuki hufundishwa huko, katika nchi ambayo wenyeji wake ni warina asali wa tangu zamani.

Kipimo kinachohesabu majengo na walimu wenye shahada za uzamivu huupendelea mji. Basi wako watakaosema kipimo kilegezwe kwa walio mbali. Rai hiyo haifai. Mtoto wa mrina asali akienda kutafuta kazi Nairobi au Kampala, hatakuwa na wakili ila karatasi yake. Kipimo kikilegezwa, karatasi hiyo itakuwa bubu. Kipimo na kiwe kimoja, bali msaada wa kukifikia uwe mkubwa zaidi kwa walio mbali. Hapo ndipo ithibati itakapostahili jina lake la asili, yaani uhakika.