Jina la Keino liko getini. Na mbio je?

Wasee wa Kuresoi, najua tabia yetu. Faith Kipyegon akivunja rekodi, dakika tano haziishi kabla mtu aandike, "Mpeni uwanja!" Hata mimi napenda hilo wazo. Lakini kabla tupake ubao rangi, twendeni Eldoret kwanza, maana huko walishatangulia.

Uwanja wa Eldoret unaitwa Kipchoge Keino. Si Eliud, wadogo zangu. Huyu ni mzee wa Nandi, aliyezaliwa 1940.

Mexico City, Oktoba 1968. Keino alikuwa na mawe kwenye kibofu cha nyongo, tumbo linamkata vibaya. Kwenye mita 10,000 alianguka zikibaki raundi mbili. Siku nne baadaye akabeba fedha ya mita 5,000. Halafu tarehe 20, fainali ya mita 1,500, Ben Jipcho akaanza na kasi kali, Keino akachomoka, na Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, akaachwa karibu mita 20. Munich 1972, mzee akaongeza dhahabu ya kuruka viunzi na maji.

Sasa angalia viwanja vyetu vingine. Kasarani iliitwa Moi. Kisumu kuna Moi, na Mamboleo kuna Jomo Kenyatta. Nyayo nayo ni wito wa Moi huyo huyo. Ndiyo maana jina la Keino lina uzito: alilipata kwa miguu, si kwa kura.

Lakini jina pekee lilifanya nini? Mwaka 2016 majaribio ya Kenya ya Olimpiki ya Rio yalikimbiwa hapo Eldoret. Noma sana. Baadaye ukarabati wa uwanja ukakwama kwa miaka. Na yale mashindano makubwa yenye jina lake, Kip Keino Classic, yalipoanza 2020 yalienda Nairobi. Yaani uwanja una jina la mzee, na mbio zenye jina la mzee ziko kwingine.

Linganisha na alichojenga mwenyewe. Yeye na mkewe Phyllis walilea mayatima nyumbani kwao Eldoret, wakaanzisha shule. Kwa kazi hiyo, mwaka 2016 akawa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya Olympic Laurel. Hiyo heshima hufungua milango kila asubuhi, watoto wanaingia.

Turudi kwetu. Faith wa Keringet ana dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo kwenye mita 1,500, na Julai 2025 aliteremsha rekodi ya dunia hadi 3:48.68. Huyo huyo, mwaka 2010, akiwa na miaka 16, alimaliza wa nne duniani kwenye mbio za nyika za vijana huko Poland, miguu mitupu.

Kuna msichana Kuresoi leo ambaye anakimbia vivyo hivyo kwenye barabara ya vumbi. Ubao hautamsaidia. Kwa hivyo mkutano wa bajeti wa kaunti ukija, tuende, na tudai kwa mpangilio: njia nzuri ya kukimbilia, vyumba vya kubadilishia nguo, geti lililo wazi kwa wanafunzi, na pesa za matengenezo kila mwaka.

Jina tuliweke mwisho, siku mbio za kwanza zitakapokimbiwa humo.