Bububu na Mji wa Unguja: masafa na muda wa safari

Bububu ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Unguja, kaskazini ya Mji Mkongwe, nao umetengana na mji huo kwa kilomita 10 hivi za barabara ipitayo Mtoni na Kibweni.

Kabla ya reli

Zama za Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa akiligawa juma lake baina ya kasri ya Mtoni na nyumba ya mjini, safari ya upande huu ilikuwa ya punda au ya mashua, na urefu wake ulitegemea upepo na mnyama kuliko maili. Bintiye, Seyyida Salme, aliyekaa Bububu kabla ya kuihama Unguja mwaka 1866, ameisifu pwani hiyo kwa mapenzi yasiyofichika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Maji ya Bububu yalipata njia nyepesi kabla ya watu wake, kwa kuwa Seyyid Barghash bin Said aliyavuta kutoka chemchemi hadi mjini kwa mfereji.

Reli ya Bububu

Haikuwa reli ya kwanza kisiwani, maana Barghash huyohuyo alikwisha kutandika njia ya chuma ya maili 7 kwenda kasri yake ya Chukwani, upande wa kusini, mwaka 1879, ambayo magari yake yalikokotwa na nyumbu mpaka mwaka 1881 ilipoletwa injini ya mvuke. Lakini ile ilikuwa anasa ya mfalme, na baada ya yeye kufariki mwaka 1888 haikudumu. Reli ya Bububu, nayo ya maili 7, ilikuwa ya raia. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney, ya New York, katika enzi ya Seyyid Ali bin Hamud, ikaanza kazi mwaka 1905, upana wa njia yake ukiwa futi 3. Garimoshi liling'oa nanga, kama wasemavyo watu wa bahari, ubavuni mwa Ngome Kongwe, likapenya vichochoro vya Malindi karibu mno na milango na baraza za watu, kisha likashika njia ya pwani kuelekea mashambani; na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kwenda mjini na kurudi siku ileile bila ya kumiliki punda wala kukodi mashua.

Serikali iliitwaa reli mwaka 1911. Hata hivyo barabara zilipotengenezwa na motokaa zikazidi, abiria walipungua, na mwaka 1922 huduma yao ikafungwa. Kwa miaka michache zaidi magari yake yalichukua mawe ya kujengea bandari, ndipo njia yenyewe ikang'olewa. Kwa kisiwa kidogo kama hiki, ni hasara iliyoharakishwa mno.

Siku hizi

Daladala nambari 502 hufanya safari hiyo, na muda wake hufuata msongamano wa magari.

Kwa ndege

Kiwanja cha ndege kiko Kisauni, kusini ya mji, basi msafiri wa Bububu hana budi kuupita mji mzima. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kilomita 70 na ushei, ambazo ndege huzimaliza kwa dakika 20 hivi, yaani aghalabu kwa muda mfupi kuliko ule alioutumia kutoka nyumbani kwake hadi kiwanjani.