Elimu ya Jikoni: Namna Mapishi ya Unguja Yalivyorithishwa

Tangu Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao unakusudia kwamba itakapofika 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi badala ya kuni na makaa, yamezuka mabarazani na majumbani mabishano ambayo kwa dhahiri yake ni ya gesi na bei ya mtungi, walakini batini yake ni jambo kongwe zaidi. Akina bibi wa Unguja wanauliza wali usiopaliwa makaa juu ya kifuniko utakuwa wali gani, na msichana asiyekaa jikoni kungoja makaa yashike atajifunzia wapi upishi. Walioshika upande wa gesi wanajibu, na wana haki ya kujibu, kwamba moshi umewaharibu mama zetu macho na vifua kwa karne nyingi, na kwamba hapana ladha yenye thamani kuliko siha ya mpishi. Mabishano haya yanastahili kutanguliwa na historia, kwani elimu inayohofiwa kupotea haikuandikwa, na isiyoandikwa hupotea bila ya mtu kuiona ikiondoka.

Khabari za kale tulizonazo ni chache. Ibn Battuta, aliyeipitia pwani yetu mwaka 1331, alisimulia namna alivyokirimiwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chano kikubwa cha mti, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari za ndimu, tangawizi mbichi na embe. Msomaji wa Mombasa au wa Wete hana haja ya kuelezwa sinia hiyo, ameshaila. Baadaye Wareno wakafuatwa na muhogo, mahindi na pilipili za Amerika, na katika karne ya 19 Seyyid Said akauhamishia ufalme wake Unguja na kuijaza mikarafuu.

Aliyetuachia maelezo ya karibu zaidi ni binti yake, Seyyida Salme, aliyezaliwa 1844, akaolewa Aden, kisha akahamia Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, kitabu ambacho mimi nimekitegemea kuliko vingine vyote katika makala haya. Anaelezea ua wa jumba la kifalme la Beit al-Sahel ambamo wanyama walichinjwa, samaki wakubwa wakabebwa na watu wawili wenye nguvu, unga, mchele na sukari vikaingia kwa magunia, samli ikaja katika mitungi kutoka Sokotra, na wachukuzi thelathini, arubaini, hata khamsini, wakapanga foleni kila siku kwa mizigo ya matunda. Viungo peke yake ndivyo vilivyopimwa kwa ratili. Lakini anapofika kwenye maakuli yenyewe kalamu yake inatulia, na jambo analolitilia mkazo ni nidhamu: sefra ndefu iliyoinuka kidogo tu kutoka chini, watu wamekaa juu ya mazulia kwa mpango wa umri, vyakula vyote vimekwisha kuandaliwa kabla ya yeyote kuketi, maneno machache, na mikono kuoshwa kabla na baada. Kwake yeye, aliyeyaandika hayo ugenini, mezani ndipo mtoto alipojua nafasi yake baina ya ndugu zake.

Jambo moja Seyyida Salme hakulikalia sana, nalo ni nani waliokuwa wakipika. Jikoni mlikuwa na watumwa, na miongoni mwao wanawake waliotolewa bara kwa nguvu, ambao walijifunza pilau ya wenyewe na wakaitia mikono yao. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wengi katika waliokombolewa walipata makao Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na sidhani kwamba nakosea nikisema kuwa mapishi ya majumba yaliwafuata huko, yakakutana na muhogo, mtama na dagaa, na yakawa mapishi ya mji mzima. Urithi tunaojivunia leo umepitia katika mikono ambayo majina ya wenyewe hayakuandikwa popote, na ni wajibu wetu kulisema hilo kwa taadhima kila tunapoutaja.

Ama namna elimu hiyo ilivyopokezanwa, ilikuwa ni kwa daraja. Mtoto wa kike alianza kwa kuuchagua mchele katika ungo, akitoa chuya na vijiwe. Alipokua kidogo akapewa mbuzi ya kukunia nazi. Akapanda daraja ya kukamulia machicha katika kifumbu, akatenganisha tui zito la kwanza na tui jepesi la baadaye. Na hatimaye, baada ya miaka, ndipo alipoachiwa chungu. Akajua kwamba tui jepesi ndilo linalotangulia motoni na mchele wake, na tui zito hufuata, na kwamba maji yakikaribia kukauka hufunikwa na kupaliwa makaa juu ili wali ukauke sawasawa, ukoko wake ubaki kwa wadogo wanaougombania. Hapakuwa na kipimo ila jicho, pua, na tone la mchuzi lililodondoshewa kiganjani na kuonjwa. Nyanya au mama hakusema sana; alirudisha mkono wa mtoto palipo pake, na somo likaendelea.

Kisha likaja sinia. Wengi wetu tumelelewa juu ya mafundisho ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa kijana Umar bin Abi Salama: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Sinia ndiyo iliyoyatia nguvu mafundisho hayo, maana mtoto aliyenyoosha mkono upande wa mwenziwe alionekana na wote, na mkubwa aliyemsogezea mdogo kipande cha nyama alionekana vilevile.

Sasa nije kwenye kisa ambacho nadhani ndicho kikubwa kuliko vyote katika historia ya chakula cha Unguja. Machi 1942 Wajapani waliiteka Rangoon, na mchele wa Burma, uliokuwa tegemeo la visiwa kwa miaka mingi, ukakatika. Serikali ya Kiingereza ikaweka mgao, na mgao huo haukufuata njaa ya mtu wala idadi ya watoto wake, bali kabila aliloandikiwa: Wahindi na Waarabu wakakadiriwa kuwa ni walaji wa mchele, wakapewa mchele, Waafrika wakakadiriwa kuwa ni walaji wa mahindi na muhogo, wakapewa hayo. Fikiri, msomaji, maana ya hukumu hii katika mtaa mmoja wa Ng'ambo, ambamo jirani wawili waliokuwa wakipelekeana sahani za futari kila Ramadhani, na pengine wameoleana, walisimama mbele ya karani mmoja wakaondoka na vikapu viwili mbalimbali. Serikali ilikuwa imetoa fatwa ya kwamba chungu cha mtu ndicho nasaba yake, ilhali wali ulikuwa umekwisha kuliwa pwani hii miaka mia sita kabla ya karani huyo kushika kalamu.

Manung'uniko yalikuwa makubwa, na wako waliotaka kuandikwa kabila jingine ili wapate mchele. Wanahistoria wamelihesabu jambo hili miongoni mwa yale yaliyoikaza mipaka ya makabila kabla ya siasa kali za miaka ya 1950. Lakini vitabu vya siasa haviingii jikoni, na mimi nashikilia kwamba jikoni ndipo dhuluma hiyo ilipojibiwa. Binti aliyekuwa na miaka kumi wakati ule alijifunza kwanza muhogo wa nazi na sima, si wali. Na mama zake, waliokuwa na mtaji wa maarifa ya tui na viungo, waliuhamishia mtaji huo kwenye unga wa mgao hata watoto wakala na kushiba. Mchele uliporudi, mkono wa binti yule ulikuwa umeshajua namna mbili za kuishi. Maarifa hayo yalihitajika tena mapema katika miaka ya 1970, mchele, unga na sukari vilipoadimika madukani na watu wakapanga foleni.

Elimu hii haikupitia majumbani peke yake: Skuli ya Serikali ya wasichana iliyofunguliwa 1927 ilikuwa na somo la upishi, nalo lilisaidia kuirithisha. Katika miaka yetu hii pamekuja mashine za kusagia nazi, tui la pakiti na chakula cha kununua njiani, na saa ambazo mama na binti walikuwa wakikaa pamoja zimeingia katika kazi, masomo na safari za daladala.

Simlaumu mama anayerudi kazini magharibi akanunua chapati. Ninaowalaumu ni wenye dhamana ya turathi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tunapigania milango na kuta zake, kama inavyopasa. Malawi wameiandikisha nsima yao UNESCO tangu 2017, na mwaka 2021 Senegal wakaandikisha wali wao wa samaki, na jirani zetu wa Kenya wakatambuliwa kwa juhudi za kuhifadhi vyakula vya asili. Wanawake waliofundishwa na mabinti wa zama za mgao wangali hai Makunduchi, Nungwi, Wete na Ng'ambo yenyewe. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiwatume wanafunzi wake kwao mwaka huu wakarekodi sauti na mikono yao, na wanaogawa majiko ya gesi wawaite hao wawe walimu wa mafunzo yao, walipwe ujira wa mwalimu, na waachiwe watafute wenyewe namna ya kuukausha wali wa nazi juu ya moto mpya.