Mkenya wa Mlimani na Wanafunzi wa Carama

Jioni za Jumamosi, katika nyumba moja ya kupanga mtaani Carama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, hukutana wanafunzi wachache wanaosoma Kiswahili. Tunawafahamu kwa kuwa ni wanafunzi wetu, na pia kwa kuwa nyumba yenyewe si mbali na kwetu. Wamo Warundi, wamo Wakongo wawili waliotoka Uvira, yupo Mkenya mmoja na Mtanzania mmoja wa Kigoma. Huanza kwa kusahihishana mazoezi ya sarufi, na humaliza, kama ilivyo desturi ya vijana, kwa kubishana. Ubishi mmoja ndio uliotusukuma kuandika makala haya: ni nchi gani kati ya hizi ambayo chuo chake humwacha mwanafunzi aseme analolifikiri?

Kila mmoja, kama ilivyotarajiwa, aliipigia debe nchi yake. Mkenya alitaja Katiba ya mwaka 2010 na ibara yake ya 33 kuhusu uhuru wa kujieleza. Mtanzania alitaja ibara ya 18 ya katiba yao, kisha akamtaja Mwalimu Nyerere. Wakongo walicheka tu. Warundi walitutazama sisi.

Hatukutaka kuwa waamuzi. Tulichofanya ni kuwasimulia habari ya mwanafunzi mmoja Mkenya aliyesoma Dar es Salaam zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Ilitushangaza kuona kwamba hata Mkenya wetu hakuwahi kumsikia.

Ndugu msomaji, yafaa tukumbuke kwamba kati ya mwaka 1963 na 1970 kulikuwa na chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye matawi matatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mkuu wake alikuwa Mwalimu Nyerere. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya kubana matumizi, lakini uliwachanganya vijana wa nchi tatu katika mabweni yale yale, wakalinganisha shule walizotoka na serikali walizoziacha nyumbani. Burundi haikuwamo. Chuo chetu cha Bujumbura kilianza mwaka 1964 kwa Kifaransa, na wazee wetu waliposema habari za vyuo vya wenzao walilinganisha na Louvain na Lovanium, si na Makerere.

Vijana hao waliyaona mengi. Mnamo Oktoba 22, 1966, wanafunzi Watanzania waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wapatao 400. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sheria ile haikuwahusu Wakenya na Waganda, lakini viti vitupu vya madarasani waliviona. Huko Kampala, mwaka 1968, Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition, alitiwa ndani pamoja na Abu Mayanja kwa sababu ya barua iliyohoji mapendekezo ya katiba. Nairobi nako, Januari 1969, Oginga Odinga alizuiwa kuzungumza na wanafunzi chuoni. Wakagoma, na chuo kikafungwa. Kwa hiyo aliyesema mwaka ule kwamba kwao kuna uhuru zaidi kuliko kwa jirani alihitaji kuangalia tarehe kwanza.

Dar es Salaam ndiko moto ulikowaka zaidi. Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali waliunda chama kilichojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Mganda, Yoweri Museveni. Miongoni mwa walimu waliokuwa karibu nao alikuwamo Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana. Mwaka 1969 walianza kutoa jarida lililoitwa Cheche, na ndani yake mwaka 1970 Issa Shivji alichapisha uchambuzi mrefu wa matabaka nchini Tanzania. Novemba mwaka huo huo chama na jarida vyote vilipigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba jina la Cheche limeazimwa kutoka gazeti la Lenin.

Hapa sisi walimu wa lugha hatuna budi kusita kidogo. Cheche ni neno la Kiswahili safi. Kila mpishi wa kuni analijua. Kilichokuwa cha kigeni katika jarida lile ni lugha iliyojaza kurasa zake, yaani Kiingereza, na hiyo haikumsumbua mtu. Tunakiri kwamba tulipokuwa tukisomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, tukipita kila siku karibu na Ukumbi wa Nkrumah, jambo hili tulilisoma tukalipita bila kulifikiria.

Sasa tuje kwa Mkenya wetu. Jina lake ni Symonds Akivaga. Mwaka 1971 alikuwa rais wa chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kwa wakati huo kilikwisha kuwa chuo cha taifa. Alichaguliwa na wenzake ambao wengi wao walikuwa Watanzania. Makamu Mkuu wa Chuo alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji wa chama cha TANU. Mapema mwaka ule TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wanafunzi waliusoma Mwongozo huo na kuuliza swali jepesi: je, ibara hii haimhusu kiongozi wa chuo? Akivaga alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi akilalamikia namna chuo kilivyoendeshwa bila kuwashirikisha wanachuo. Julai 1971 alifukuzwa. Askari wa kutuliza ghasia wakiwa na silaha waliingia Mlimani, wakamkamata, wakampeleka uwanja wa ndege na kumrudisha Kenya. Wanafunzi waligoma kuingia madarasani. Baadaye aliruhusiwa kurudi na kuendelea na masomo.

Mtanzania wetu alimtetea mwenyeji. Alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mgeni asiyejua mipaka ya shamba hulima la jirani. Mkenya akajibu kwamba Akivaga jembe alipewa na wenyeji wenyewe kwa kura zao, na alipoanza kulima akafukuzwa shambani. Tulicheka sana. Lakini tulimkumbusha Mkenya kwamba barua ile ile, lau ingeandikwa Nairobi ya siku zile, isingepata ibara ya chama tawala ya kuiegemea. Nyerere aliwapa wanafunzi maneno ya kumhojia yeye na maofisa wake, na wao wakayatumia. Kwetu sisi hilo ndilo jambo zito katika kisa hiki, zito kuliko ule ukali wa askari.

Suala la maneno ndilo lililotupeleka kwenye mifumo ya elimu. Mtanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari hukutana na Kiingereza. Mkenya huanza Kiingereza mapema, na shuleni huzoeshwa midahalo, ingawa mfumo wake wenyewe umebadilika kutoka 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 hadi ule wa umilisi ulioanzishwa mwaka 2017. Mrundi huanza na Kirundi, kisha huvuka kwenda Kifaransa, na chuoni mara nyingi mwalimu husoma na wanafunzi huandika. Wakongo walisema kwao ni hivyo hivyo, isipokuwa maandishi ya somo huyanunua.

Kijana mmoja Mrundi, ambaye huwa msikilizaji zaidi, alisimulia yake. Alizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972, akaanza shule kwa Kiswahili. Wazazi wake waliporejea nchini mwaka 2009 alikuta darasa la Kirundi na Kifaransa. Alisema kwa miaka miwili hakunyosha mkono hata mara moja. Hakuwa akiogopa serikali. Hakuwa na maneno. Alipozungumza Kiswahili chake walimwita Mswahili, na mjini hapa, nje ya Buyenzi na mitaa michache kama hiyo, neno hilo limebeba kwa muda mrefu maana ya mtu mwongo na mjanja. Kwa hakika, tunawafundisha vijana lugha ambayo bibi zao waliwakanya nayo.

Kijana huyo huyo ndiye aliyetuuliza: “Mwalimu, mbona kila tukifika kwenye jambo hili tunakwenda Dar es Salaam?”

Swali lilikuwa la haki. Mwaka 1972 wanafunzi walichukuliwa kutoka madarasa ya chuo chetu hapa Bujumbura na hawakurudi. Hawakuwa wameandika barua kwa mtu yeyote. Mwaka 2015 wenzao walilala wiki nyingi karibu na ubalozi wa Marekani baada ya chuo kufungwa. Mwaka 2016 wanafunzi kadhaa wa sekondari walikamatwa, na mamia wengine wakasimamishwa masomo, kwa sababu ya kuchorachora picha ya rais vitabuni. Na mwaka 2019 wasichana watatu wa Kirundo waliwekwa rumande wiki mbili hivi kwa jambo hilo hilo. Haya yote yalikwisha kutangazwa duniani. Ni sisi tu ambao hatujayaandika kwa Kiswahili.

Na hapa lazima tuseme kosa letu. Muhula uliopita kijana huyo alitukabidhi insha yenye mada “Kalamu”. Ilikuwa insha nzuri, yenye upatanisho wa kisarufi usio na dosari, na aya yake ya nne ilizungumzia vitabu vile vilivyochorwa. Tulimrudishia tukiwa tumeipigia mstari aya hiyo na kuandika pembeni kwamba iko nje ya mada. Haikuwa nje ya mada. Tuliogopa kwa niaba yake, au labda kwa niaba yetu, na tukaificha hofu yetu nyuma ya kanuni za uandishi wa insha. Wanaofundisha watatuelewa. Wanaosoma huenda wasitusamehe, nao wana haki.

Jumamosi ile hatukumjibu Carama. Tulimjibu Jumatatu ofisini, kwa kumwomba insha yake. Ameturudishia nakala mpya. Aya ya nne imo, ndefu kuliko mwanzo, na sasa ndani yake yumo pia Akivaga. Tumemrekebishia jambo moja tu: aliandika “uhuru wa kuongea”, tukamwonyesha kwamba katiba za majirani zinasema “kujieleza” na “maoni”, achague mwenyewe. Amebaki na “kuongea”. Insha hiyo tumeikabidhi kwa mhariri wa jarida hili pamoja na makala haya.