Desturi Si Kipimo

Mara nyingi tunasikia watu wakisema, "Kila taifa na desturi zake." Kwa habari ya chakula, mavazi na salamu, ni kweli. Je, ni kweli pia kwa habari ya kumuuza mtu?

Mwaka 1710 Christopher Codrington alifariki, akaliachia shirika la misheni la Kanisa la Uingereza mashamba yake ya miwa kisiwani Barbados, pamoja na watumwa wake. Shirika lililoundwa kueneza Injili likawa bwana wa watumwa kwa zaidi ya miaka 100. Wengine walichomwa chapa kifuani kwa chuma cha moto: "Society", yaani Shirika. Sheria iliruhusu, desturi iliruhusu.

Lakini someni Amosi, sura ya kwanza. Watu wa Gaza na Tiro hawakupewa torati ya Musa, hata hivyo Mungu aliwahukumu kwa kuwatia mateka mikononi mwa Edomu. Kipimo chake ni kimoja kwa mataifa yote.

Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1834. Mwaka 2006 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi. Kama desturi ndiyo kipimo, iliomba radhi kwa kosa gani?

Ndugu mpendwa, usikitumie kipimo hiki kwa wengine tu. Yule msichana wa kazi unayemcheleweshea mshahara, ukisema, "Ndivyo wafanyavyo wote," anajua kwamba anaonewa. Mungu naye anajua. Mlipe leo.