Wagombea wa Shule: Bodi ya London, 1870–1904

Mwaka 1870 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya elimu ya msingi iliyotetewa na W. E. Forster, na ndani yake mlikuwa na jambo geni kabisa. Mahali ambapo shule za makanisa hazikutosheleza idadi ya watoto, wenyeji wangechagua bodi yenye mamlaka ya kujenga shule na kutoza kodi ya majengo ili kuziendesha. London ilipata bodi ya wajumbe 49, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika Novemba mwaka huohuo kwa kura ya siri, miaka miwili kabla wabunge hawajaanza kuchaguliwa kwa siri. Wanawake waliolipa kodi hiyo walipiga kura, tena waliruhusiwa kugombea. Bodi hizi zimezoeleka kutajwa kama hatua ya mpito, kitu kilichongoja kufutwa na mfumo bora zaidi. Naona hukumu hiyo si ya haki. Uchaguzi uliohusu shule peke yake ulimlazimisha kila aliyetaka kuzisimamia aseme hadharani, kabla ya kupewa madaraka, mtoto wa kibarua afundishwe nini na gharama aibebe nani.

Ushahidi wa kwanza ni Thomas Huxley, mwanasayansi aliyegombea Marylebone. Alichapisha makala ndefu akieleza shule za bodi zingeweza kufanya nini: mazoezi ya viungo, kazi za nyumbani kwa wasichana, kusoma na kuhesabu, misingi ya sayansi, kuchora na kuimba. Ingawa hakuwa mtu wa dini, alikubali Biblia isomwe, mradi mafundisho ya dhehebu fulani yasiingizwe. Alichaguliwa, akaongoza kamati ya mtaala, na mengi aliyoyatangaza yakaingia katika mpango wa bodi wa mwaka 1871. Hata hivyo, katika eneo hilohilo aliachwa mbali sana na daktari Elizabeth Garrett, aliyepata kura zaidi ya 47,000. Wakati huo hakuna mwanamke wa Uingereza aliyeruhusiwa kumpigia kura mbunge. Mwaka 1888 Annie Besant naye aliongoza kwa kura huko Tower Hamlets, mtaa wa mafukara, akidai watoto wenye njaa walishwe na ada ifutwe. Ada ilikuwa senti chache tu kwa juma, lakini kwa mjane mwenye watoto wanne darasani zilikuwa mkate wa siku kadhaa. Mwaka 1891 Bunge lilitoa ruzuku iliyozifanya shule nyingi za msingi kuwa za bure.

Wapinzani wa bodi walikuwa na hoja nzito. Mpigakura aliweza kumlundikia mgombea mmoja kura zake zote, na makanisa yaliutumia mwanya huo kuwaingiza watu wao. Uchaguzi wa 1894 jijini London ulitawaliwa na mabishano kuhusu mafundisho ya Utatu. Huko vijijini bodi ndogo zilishikwa na wakulima wakubwa waliochukia kodi na kuwataka watoto shambani. Haya ni kweli, wala sitaki kuyapunguza. Ila ugomvi wa dini haukuzaliwa na kura. Ulikuwapo tangu zamani katika vikao vya maaskofu, ambako mzazi hakualikwa. Na dawa ya bodi ndogo ilikuwa kuziunganisha. Kuzifuta zilizofanya vizuri hakukuwa lazima.

Tena zilizofanya vizuri ndizo zilizoleta hofu. Bodi za mijini zilifungua madarasa ya juu ya sayansi na sanaa kwa vijana waliovuka elimu ya msingi, mpaka mkaguzi wa hesabu Cockerton akakataa matumizi ya London kwa kazi hiyo, na mwaka 1901 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono. Sheria ya 1902 ikazikabidhi shule kwa halmashauri za kaunti na miji, na London ikafuata mwaka 1904. Elimu ya sekondari ilipata mpangilio uliohitajika, hilo halina ubishi. Lakini diwani sasa alichaguliwa kwa barabara, maji taka na shule kwa pamoja, na mzazi hakuwa tena na siku ya kumhoji kuhusu darasa peke yake. Wanawake nao, baada ya zaidi ya miaka 30 ya kuchaguliwa, walibaki kuteuliwa tu katika kamati za elimu, hadi sheria ya 1907 ilipowaruhusu kugombea katika halmashauri hizo.